Chuo au saiti? Tazama kazi inakujibu baada ya muda gani

Mdogo wangu uliyeanzisha uzi huu, nimesoma swali lako na majibu yote yaliyotangulia. Umemaliza kidato cha nne, mjomba wako ni fundi ujenzi na yuko tayari kukuchukua saiti hata kesho, lakini mama anataka uende chuo cha ufundi. Unauliza ni wapi utaujua ujenzi kwelikweli. Wengi wamekujibu kwamba vitabu havijengi nyumba. Mkuu mmoja ameandika kuwa amejenga miaka ishirini bila kufungua kitabu na hakuna nyumba yake hata moja iliyoanguka. Jibu hilo ndilo limenifanya nikae niandike kwa urefu. Naamini anasema kweli, na bado ningekuomba usiishike hoja yake.

Nimepita kote kuwili. Nilianza kama saidia fundi Tanga, nikabeba karai na kuchanganya mota chini ya fundi mzee ambaye sijawahi kumwona na kalamu. Baadaye nikasoma VETA, vyuo vya ufundi stadi vya serikali, na siku hizi nasimamia kazi za ghorofa moja na mbili, nikikaa katikati ya mainjinia na mafundi. Kwa hiyo sina upande ninaoutetea.

Ninavyoliona jambo hili ni hivi. Kwenye ujenzi kuna mambo yanayokujibu papo hapo: ukikosea, unaona kabla ya chakula cha mchana. Kuna mambo yanayokujibu baada ya miaka kumi, ukiwa umeshahama mkoa. Na kuna yasiyokujibu kabisa mpaka siku ya msiba. Yale ya kwanza, mkono utakufundisha vizuri kuliko mwalimu yeyote. Haya mengine mawili mkono hauwezi kukufundisha, na ubaya wake ni kwamba haukai kimya. Unakufundisha kitu kisicho kweli, na unakupa ujasiri juu yake.

Nianze na yale ambayo hakuna darasa litakalokupa. Kuna asubuhi moja, mvua ilinyesha usiku kucha na tulikuwa tumwage zege la lenta, ile boriti ya zege inayopita juu ya milango na madirisha. Fundi wangu alienda kwenye lundo la mchanga, akachota kiganja, akaufinya, akaufungua mkono. Mchanga ukabaki na umbo la vidole. Akaupangusa, akatazama kiganja kama kimebaki na tope, kisha akaniambia: “Leo ongeza nusu karai ya mchanga kila mfuko, na maji uniulize mimi.” Saidia mwenzangu aliyekuwa ametoka chuo akabisha, kwa sababu daftari lake lilisema mfuko mmoja wa saruji, mchanga mara mbili, kokoto mara nne, basi. Mzee hakubishana naye. Alimwacha achanganye karai chache kwa hesabu yake, na zege likatoka kokoto tupu, gumu kushindilia, lenye matundu kila lilipogusa ubao.

Miaka kadhaa baadaye nilikutana na maelezo yake darasani. Mchanga wenye unyevu kidogo huvimba, kwa sababu utando wa maji unazisukuma chembe zikae mbalimbali. Ujazo wake unaweza kuongezeka kwa robo nzima, na mchanga laini hata zaidi ya hapo. Kwa hiyo karai mbili za mchanga mbichi zina mchanga halisi pungufu kuliko karai mbili za mchanga mkavu, na maji yaliyomo ndani yake ni sehemu ya maji ya zege. Mzee hakuwa na maneno hayo, lakini alikuwa na hesabu yote kiganjani: aliongeza mchanga na akapunguza maji. Aliyesoma ujazo kwenye karatasi alikuwa na kanuni sahihi, ila kanuni ile iliandikwa kwa mchanga mkavu na hakuna aliyemwambia.

Mambo ya namna hii ni mengi mno. Kujua tofali kwa mlio wake ukiligonganisha na lenzake. Kujua mota imeiva kwa jinsi inavyoteleza kwenye mwiko. Kuhamisha usawa kutoka kona hadi kona kwa mpira wa maji bila kuacha puvu la hewa ndani. Kusikia, ukigonga plasta kwa kishikio cha mwiko, mahali ambapo haikushika. Haya nenda kwa mjomba. Ukisomewa mwaka mzima hutayapata, na ukikaa miezi michache karibu na fundi anayekupenda, yataingia yenyewe.

Sasa tuje kwenye maji ya zege, na hapa namjibu mkuu wa miaka ishirini kwa heshima zote.

Saidia yeyote aliyepandisha zege juu anajua kwamba zege lenye maji machache ni zito, linagoma kutoka kwenye karai, halitaki kupita katikati ya ringi za nguzo, zile nondo nyembamba zinazozungushwa kufunga nondo nene. Ukiongeza ndoo ya maji, kila kitu kinakuwa chepesi. Linatiririka, linajaza kona, vijana hawalalamiki, kazi inaisha kabla ya jua kuzama. Ukibandua mbao, uso umetoka laini. Mwenye nyumba anapapasa nguzo, anafurahi, anakulipa. Tazama hapo: kila jibu ambalo fundi amelipata siku hiyo linamwambia maji ni mazuri. Akimwaga zege hivyo mara mia, atasifiwa mara mia. Huo ndio uzoefu wake, na ni uzoefu wa kweli, hakuuota.

Ila zege halina nguvu kwa jinsi lilivyotiririka. Tangu mwaka 1918 Duff Abrams, aliyekuwa akipima zege Chicago kule Marekani, alionyesha kwamba nguvu ya zege inategemea zaidi uwiano wa maji kwa saruji. Saruji ili igande inahitaji maji kiasi cha robo hivi ya uzito wake, na mengine kidogo ili kazi ifanyike. Yanayozidi hayaliwi na saruji. Yanabaki ndani, baadaye yanakauka na kuacha vijitundu visivyoonekana kwa macho. Mfuko wa kilo 50 ukiutilia lita 25, umefanya uwiano wa nusu. Ukiutilia lita 35, jambo ambalo kwa mpira wa maji linatokea bila mtu kujua, nguvu inaweza kupungua kwa theluthi au zaidi. Na hutaiona. Nguvu ya zege hupimwa likifikisha siku 28, kwa kulivunja kwenye mashine. Nyumba zetu nyingi za mtaani nani alipeleka kipande kikavunjwe?

Basi kwa nini nyumba za mkuu yule hazijaanguka? Kwa sababu kuna watu waliziwekea akiba bila yeye kuwafahamu. Kanuni za Uingereza za BS 8110, ambazo mainjinia wengi wa Afrika Mashariki wamezitumia kwa miaka mingi, huchukua uzito wa jengo lenyewe na kuuzidisha kwa 1.4, uzito wa watu na vitu kwa 1.6, halafu nguvu ya zege inagawanywa kwa 1.5 kabla hesabu haijaanza. Hata fundi anayeiga tu vipimo vya nguzo alivyokuta vimezoeleka mtaani, anaiga vipimo vilivyotoka kwenye hesabu hizo. Kila ndoo ya maji iliyozidi inaila ile akiba. Nyumba inasimama, fundi anasema umeona. Akiba iliwekwa kwa ajili ya siku ambayo mpangaji wa juu atajaza chumba mifuko ya mahindi, au msingi utakaposhuka upande mmoja, au mwenye nyumba atakapoongeza ghorofa ambayo haikuwa kwenye ramani. Siku hiyo ikifika, akiba haipo, na fundi aliyeila hayupo pale kuona.

Kwa hiyo “hakuna nyumba yangu iliyoanguka” haithibitishi kwamba njia ni sahihi. Inathibitisha kwamba siku mbaya haijafika. Naomba sana usilichukulie neno hili kama la kumdharau. Yule mkuu nina hakika ana mkono kuliko wangu. Nasema tu kwamba mkono wake haukuwahi kuulizwa swali hilo.

Kumwagilia zege ni kisa kilekile. Linahitaji kukaa na unyevu siku saba angalau, na watu humwagilia siku mbili kwa sababu limeshakuwa gumu na mtu analikanyaga. Sina haja ya kurefusha.

Hili linalofuata ndilo lilinifanya niheshimu kitabu, kwa hiyo nitalikalia kidogo. Tulikuwa tunasuka nondo za slabu, yaani sakafu ya zege ya juu, ya ghorofa moja, na mbele kulikuwa na kibaraza kilichotokeza nje kiasi cha mita moja na nusu, bila nguzo chini yake. Fundi wa nondo alikuwa mtu mzima, hodari, mkono wake haukosei kipimo. Akazilaza nondo nene zote chini, kama alivyofanya kwenye kila lenta na kila slabu maishani mwake, na kibaraza nacho akakifanyia vivyo hivyo. Injinia, binti mdogo kabisa kwa umri, akaja na ramani akasema za kibaraza zinakaa juu, zifunguliwe. Saiti nzima ikanuna. Mzee akamwambia, “Mwanangu, nondo inabeba kutokea chini. Ukiiweka juu inabeba nini?”

Yule binti hakumwonyesha ramani tena. Aliomba kandambili ya kijana mmoja, akachora mistari ya kalamu ubavuni mwake. Akailaza juu ya matofali mawili, akabonyeza katikati: mistari ikaachana upande wa chini, ikabanana upande wa juu. Kisha akaishika kisigino kwa nguvu ukingoni mwa tofali, akabonyeza ncha iliyoning'inia. Mistari ikaachana juu. “Zege likibanwa lina nguvu, likivutwa halina. Linapovutwa ndipo tunaliwekea chuma,” akasema. Mzee aliichukua ile kandambili akaibonyeza mwenyewe, mara ya kwanza, mara ya pili. Akawaambia vijana wakate waya, zifunguliwe zote.

Angalia vizuri kilichotokea. Uzoefu wa mzee haukuwa mdogo, ulikuwa mkubwa sana, na ukubwa wake ndio uliomfanya awe na hakika. Kila lenta aliyofunga ilikuwa imekaa juu ya kuta mbili, na kila moja ilimwambia chuma ni chini. Haikumpa sababu. Kitabu kinakupa sababu, na sababu ndiyo inayohama na wewe kwenda kwenye kazi usiyowahi kuifanya. Nguvu ya zege kwenye kuvutwa ni karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kwenye kubanwa; ukilishika hilo moja, utajua nondo ikae wapi kwenye umbo lolote watakalokuchorea.

Lakini kisa hakikuishia hapo, na sehemu ya pili ndiyo injinia alijifunza. Siku ya kumwaga, vijana wenye karai walipita juu ya zile nondo za kibaraza. Kila hatua zilizama. Slabu ilikuwa ya milimita 150, nondo zilitakiwa ziwe kama milimita 125 kutoka chini. Zikizama milimita 50, nguvu ya kibaraza kubeba inapungua kwa karibu asilimia 40, na juu zege likifunika hakuna atakayejua. Kwenye ramani mstari wa nondo ulikuwa umechorwa mahali pake sawasawa. Ramani haikuwa na vijana wanaokimbia na karai. Mzee aliliona kabla ya mtu yeyote, akasimamisha kazi, tukapinda vipande vya nondo tukavifanya viti vya kushikilia zile za juu, tukapitisha mbao za kutembelea. Zile za chini ya slabu zilikuwa na biskuti, vile vipande vidogo vya zege vya kuinulia nondo. Za juu hakuna aliyezifikiria. Tangu hapo yule injinia, nikikutana naye kwenye kazi nyingine, swali lake la kwanza asubuhi ya zege ni viti viko wapi.

Nikupe na kitu kimoja cha vitabuni kitakachokulipia ada yake siku ya kwanza. Chukua unene wa nondo kwa milimita, uzidishe kwa wenyewe, ugawe kwa 162. Unapata kilo kwa kila mita. Nondo ya mm 12: 12 mara 12 ni 144, gawa kwa 162, unapata kama 0.89. Nondo nzima ya mita 12 ni karibu kilo 10.7. Niliwahi kuwa na mteja aliyeletewa mzigo wa nondo ambazo kwa macho na kwa kidole zilikuwa mm 12 kabisa, zimeandikwa hivyo kwenye risiti. Tuliomba mizani ya mpunga ya jirani, tukafunga nondo moja ikiwa imekunjwa. Ikasoma kilo 9. Rudisha hesabu nyuma utaona hiyo ni mm 11. Tofauti ndogo ya kiwandani ipo na inaruhusiwa, ila hii ni chuma pungufu kwa karibu asilimia 16 kwenye kila nguzo ya nyumba. Mkono wa fundi gani utaihisi milimita moja? Mzigo ulirudishwa mchana uleule.

Halafu kuna yale yasiyokujibu kabisa. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera. Watu zaidi ya 15 walipoteza maisha na nyumba kwa maelfu ziliharibika. Nilifika Bukoba baadaye kwa kazi za kurudishia nyumba. Mafundi niliowakuta kule walikuwa wazuri, mistari yao ya matofali imenyooka, kona zimebana. Lakini kuta za pembetatu zinazobeba paa upande wa ubavuni zilikuwa zimeangukia nje, moja baada ya nyingine, kwa sababu hazikuwa zimefungwa na kitu chochote juu. Nyumba zenye lenta iliyozunguka nyumba nzima, nondo zikiwa zimeshikana vizuri kwenye kona, nilizokuta nyingi zilikuwa na nyufa tu. Kwa fundi ambaye hajawahi kuona ardhi ikitikisika hivyo tangu ashike mwiko, kukatisha lenta juu ya mlango na kuacha ukuta mwingine wazi ni kuokoa fedha za mteja, na kwa miaka yote hiyo alikuwa anaziokoa kweli. Uzoefu wa kumrekebisha ulikuja kwa sekunde chache, na uliwagharimu wengine.

Mwaka 2010 dunia nzima ilionyeshwa jambo hilo. Januari Haiti ilipigwa na tetemeko la 7.0, watu zaidi ya 100,000 wakafa. Februari mwaka huohuo Chile ikapigwa na la 8.8, kubwa kwa mbali sana kuliko lile, na waliokufa walikuwa mia kadhaa. Sababu ni zaidi ya moja, ikiwemo umbali wa tetemeko na mji. Lakini Chile ilikuwa na kanuni za ujenzi zilizoandikwa kutokana na matetemeko ya nyuma, likiwemo lile la 1960 la 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa. Fundi wa Santiago aliyezaliwa 1985 hakuliona la 1960. Alilisoma kwenye vipimo vya ringi.

Wapo watakaosema nimeegemea kitabu. Basi twende pwani, nyumbani nilikoanzia. Kuta za Mji Mkongwe wa Unguja na za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hayohayo, dari zikabebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vya nyumba zile ni virefu na vyembamba, upana wake chini ya mita tatu hivi: boriti ya mkoko haikubali zaidi. Nyumba nyingi za namna hiyo zimesimama zaidi ya karne. Ikaja saruji, na watu wenye nia njema kabisa, wengine wasomi, wakaanza kupiga plasta ya saruji juu ya kuta zile ili ziwe imara. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Saruji inauziba. Unyevu na chumvi vinabaki ndani, jiwe linaanza kumung'unyika nyuma ya plasta ambayo kwa nje inapendeza, na siku moja inabanduka na kipande cha ukuta. Wanaohifadhi majengo yale leo wanarudi kwenye chokaa, na wanawatafuta wazee wanaojua kuichoma na kuilaza.

Hapo uzoefu ulishinda usomi, na inafaa tujiulize kwa nini ulishinda pale na ukashindwa kwenye maji ya zege. Nadhani ni kwa sababu fundi wa Lamu hakuhama. Alijenga mtaani kwao, mwanawe akaja kuitengeneza nyumba ileile, mjukuu akaipaka chokaa upya. Kosa la babu lilimkuta mjukuu akiwa na mwiko mkononi, mahali palepale, na akalirekebisha. Jibu lilichelewa lakini lilifika kwa ukoo uleule wa mafundi. Sisi wa leo tunamaliza Kibaha tunahamia Dodoma. Fundi anayetumia mchanga wa ufukweni wenye chumvi kufunika nondo hatakuwepo kutu ikianza. Kutu ina ujazo mkubwa kuliko chuma kilichoizaa, inasukuma zege kutoka ndani mpaka linapasuka kwa mstari unaofuata nondo. Inachukua miaka. Mpangaji ataita fundi mwingine, atapiga plasta juu, na yule wa kwanza atazidi kusema kwamba mchanga wa ufukweni hauna shida.

Kwa hiyo nenda kwa mjomba kwanza. Mwaka, mwaka na nusu, mpaka mkono wako ujue mchanga, mota, kamba na timazi. Ukiingia darasani ukiwa umeshabeba zege, mwalimu akisema uwiano wa maji utajua anazungumzia mgongo wa nani. Wanaoingia bila kupita hapo wanakariri. Lakini nenda darasani, na usingoje mpaka uoe na ukose muda. VETA wana mafunzo ya hatua kwa hatua, na pia wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunza mtaani: unapimwa unachokijua, unaonyeshwa pengo, unapata cheti. Mama akisikia cheti kipo mbele atakubali uanze na mjomba. Na mjomba mwambie mapema kwamba utaondoka utarudi, asije akaona umemdharau.

Mafundi wa mtaani wakikwambia fanya hivi, wewe fanya, kisha jioni kazi ikiisha uliza kwa adabu: mjomba, hili ukilikosea linaonekana lini? Akisema kesho, mwamini moja kwa moja. Akisema halijawahi kuonekana, hilo liandike pembeni ukalitafute kwenye kitabu.

Swali lako la mwisho lilikuwa kuhusu daftari, kama lina faida kwa mtu wa saiti. Lina faida sana. Kila zege mtakalomwaga andika tarehe, mtaa, mifuko mingapi, maji ndoo ngapi kwa mfuko, mchanga umetoka wapi, mlimwagilia siku ngapi. Halafu fanya kile ambacho mafundi wengi hatufanyi: rudi. Mwombe mjomba akutajie nyumba zake za zamani kabisa, uende Jumapili, umsalimie mwenye nyumba, uombe kutazama. Tazama kona za madirisha kama kuna ufa unaokwenda mshazari kutoka kwenye pembe. Tazama chini ya kibaraza na chini ya ngazi kama kuna mstari wa rangi ya kahawia unaofuata nondo. Tazama mahali ambapo ukuta wa nyongeza umeungana na wa zamani. Gonga plasta ya upande unaopigwa na mvua. Piga picha, andika mwaka nyumba ilipojengwa, uzilete hapa kwenye uzi huu. Mkuu wa miaka ishirini naye namwomba alete za kwake, hasa zilizopita miaka kumi na tano, tuzitazame pamoja.